Nilitolewa kizazi, maumivu hayaishi na kila kipimo kinasema niko mzima

Shikamoo dada. Naomba usome mpaka mwisho maana nimechoka kuwaelezea watu, kila ninayemwelezea ananikatisha katikati.

Nina miaka 41, nipo Morogoro, nina watoto wawili na genge la mboga. Mwaka jana mwezi wa nne nilifanyiwa upasuaji mkubwa nikatolewa kizazi kwa sababu ya fibroidi, nilikuwa natoka damu mpaka naishiwa, niliongezewa chupa mbili kabla hawajanipasua. Wakanikata ule mkato wa kulala, chini kabisa pale nguo ya ndani inapoishia. Kidonda kilipona vizuri tu, wiki ya sita nikaambiwa niko sawa nirudi kwenye shughuli zangu. Sasa kwenye mwezi wa tatu hivi ndo maumivu yakaanza, upande wa kulia wa kovu pale kwenye kona yake, mahali padogo hata ncha ya kidole inapafunika. Yanachoma kama mtu kakuchomeka sindano ya moto alafu yanakimbilia kwenye kinena. Nikiinuka kitandani asubuhi, nikiinama kufagia, nikikohoa, nikibeba ndoo, nikipanda bodaboda kwenye njia ya mashimo, hapo machozi yanatoka yenyewe. Kanga siwezi tena kufunga kiunoni, nimehamia kwenye madera. Na pembeni ya hapo ngozi imekufa ganzi, ukiigusa ni kama unagusa ya mtu mwingine. Kula nakula kama kawaida na choo napata.

Nimepiga ultrasaundi tatu, sehemu tatu tofauti, zote safi. Kila nikienda naambiwa taifodi, mara yutiai, nimehesabu kwenye makaratasi yangu taifodi mara nne na yutiai mara tatu ndani ya miezi minane, nimechomwa masindano na kumeza antibayotiki mpaka mdomo ukawa mchungu, na maumivu yako palepale. Diklofenaki ndo imekuwa chakula changu asubuhi na jioni, mwezi wa sita huu, na siku hizi chembe cha moyo kinawaka.

Mama mkwe anasema ni chango, kaniletea mizizi nimechemsha nimekunywa. Jirani kanitia hofu kwamba labda walisahau kitambaa tumboni, tangu aniambie silali. Daktari wa mwisho niliyemwona, kwenye kliniki moja ya binafsi, kaniambia utumbo umeshikana, dawa ni kufungua tumbo tena, nianze kutafuta hela. Mume wangu mwanzoni alikuwa ananisindikiza, saivi ananiuliza "vipimo vyote vizima, sasa unaumwa nini?" na kwa vile kitandani namkwepa anaona nimebadilika tangu nitolewe kizazi.

Dada nikubali kupasuliwa tena? Au ni kweli haya maumivu nayatunga mwenyewe? Kuna usiku naanza kuamini.

Mama wawili, Morogoro

*

Marahaba mdogo wangu. Huyatungi. Naanza na hilo kabla ya kitu kingine chochote, na ningependa baba watoto naye alisome hapa. Ultrasaundi kuwa safi maana yake ni kwamba vile vitu ambavyo ultrasaundi inaweza kuviona, havipo. Basi. Haisemi kwamba huumwi. Ile mashine haijui kuangalia maumivu, inaangalia maji, uvimbe, mawe, ukubwa wa viungo, na kuna vitu vingi vinavyouma ambavyo havina umbo la kuonekana pale.

Mimi ni nesi, nimekaa wodi ya upasuaji miaka 22, siyo daktari na sijakushika tumbo, kwahiyo ninayokuambia hapa ni ya kukusaidia kwenda kuongea na daktari, siyo ya kukaa nayo nyumbani. Ila kuna kitu umeandika ambacho nimekirudia mara tatu. Umesema mahali panapouma panafunikwa na ncha ya kidole. Umesema unaumia ukiinuka, ukiinama, ukikohoa, ukibeba ndoo. Umesema chakula hakikusumbui na choo unapata. Umesema kanga inauma na ngozi ya pembeni imekufa ganzi. Mdogo wangu, hayo hayafanani na maumivu ya utumbo. Maumivu ya utumbo mara nyingi mtu akiulizwa yako wapi anazungusha kiganja chote tumboni, "hapa hapa hivi", yanakuja kwa mawimbi, tumbo linajaa gesi, chakula kinayachokoza. Wewe unaonyesha kwa kidole kimoja. Anayeonyesha kwa kidole kimoja, tena kwenye kona ya kovu, mimi nafikiria kwanza ukuta wa tumbo, yaani ngozi, mafuta, misuli na mishipa ya fahamu inayopita humo, kabla sijafikiria kilichoko ndani.

Kuna mishipa miwili ya fahamu inatokea mgongoni inazunguka ubavuni ikishuka kuelekea kwenye kinena, na inapita karibu sana na kona za huo mkato wa kulala. Wakati wa kukata au kushona mmoja unaweza kuguswa, kuvutwa, au kunaswa na uzi, au kovu linavyokauka na kukaza likaubana taratibu, ndiyo maana mtu anaweza kutoka hospitali vizuri kabisa alafu maumivu yakaja wiki au miezi baadaye akiwa ameshasahau habari za upasuaji. Si lazima awepo aliyekosea, inatokea hata kwenye mikono mizuri. Mshipa ukibanwa unachoma kama moto kwenye sehemu yake, unapeleka maumivu kule unakoishia, na ngozi unayoihudumia inaweza kufa ganzi au kinyume chake ikawa haitaki kuguswa hata na nguo. Umeona barua yako inavyoongea?

Sasa kuna kipimo cha mkono tu, hakina mashine wala gharama, alikieleza daktari mpasuaji wa Marekani anaitwa Carnett mwaka 1926, na ajabu ni kwamba miaka mia imepita na bado watu wanazunguka na ultrasaundi tatu bila mtu kuwafanyia. Unalala chali, daktari anatafuta kwa kidole ile nukta inayouma, anaibonyeza na kuishikilia hapohapo, alafu anakuambia ukunje mikono kifuani uinue kichwa na mabega kutoka kitandani. Misuli ya tumbo inakaza. Kama chanzo kiko ndani, ile misuli iliyokaza inakuwa kama ngao, kidole hakifiki, maumivu yanapungua. Kama chanzo kiko kwenye ukuta wenyewe maumivu yanabaki vilevile au yanaongezeka, kuna watu wanaruka na kumshika daktari mkono. Anaweza pia kubana ngozi na mafuta ya hapo kwa vidole viwili alafu abane upande wa kushoto ulinganishe, au apitishe pamba ya spiriti pande zote mbili aone kama ubaridi unausikia sawa. Dakika tano hazifiki.

Kikionyesha hivyo, hatua inayofuata ni sindano ya ganzi, lidokaini, pale kwenye nukta yenyewe, na hii inafanywa na daktari anayejua anachoma wapi, siyo duka la dawa. Hii sindano naipenda kwa sababu inafanya kazi mbili, inatibu na inajibu swali. Maumivu ya miezi nane yakinyamaza ndani ya dakika kumi na tano, hata kama yatarudi baada ya saa chache, hiyo ni dalili kubwa kwamba mwizi mnamfahamu. Wengine wanapona kwa sindano moja, wengine wanarudia mara kadhaa, wengine wanachanganyiwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Yakirudirudi kuna dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, amitriptilini kidogo usiku au gabapentini, zote za kuandikiwa na daktari, na kwa wachache walioshindikana kuna upasuaji mdogo wa kuukata ule mshipa.

Namkumbuka dada mmoja aliletwa wodini kwetu kufunguliwa tumbo kwa mara ya tatu, alikuwa na maumivu kwenye kona ya kovu kama yako, kwenye faili ameshaandikwa vidonda vya tumbo, utumbo kushikana, na mahali pengine mtu kaandika "wasiwasi". Asubuhi ya upasuaji daktari mgeni kapita raundi, kamwambia inua kichwa, yule dada akapiga yowe. Akafutwa kwenye orodha ya thieta siku hiyohiyo, akachomwa ganzi, jioni tukamkuta anatembea koridoni anaenda mbele anarudi, anasema najaribu tu.

Ila sitaki ubebe jibu moja kichwani ukafunga masikio, maana kuna mengine yanaweza kukaa sehemu hiyohiyo na daktari inabidi ayaangalie. Kuna henia ya kovu, wengine wanaita ngiri, misuli inakuwa haikushikana vizuri ndani hata kama ngozi juu imependeza. Ukisimama na kukohoa panaweza kuvimba kidogo, na ukipigwa ultrasaundi umelala umetulia inaweza isionekane, kwahiyo omba mpigaji akupime pia umesimama na unakohoa, aangalie ukuta wa kovu lenyewe maana wengi wanaruka juu ya kovu wanaenda kutafuta ovari. Kuna endometriosisi ya kwenye kovu, yaani nyama kama ile ya ndani ya kizazi kuota pale kwenye kovu, hasa kwa waliowahi kujifungua kwa upasuaji, hii inakuja na kivimbe na inafuata kalenda, siku fulani za mwezi inazidi, na hata kama hedhi huoni tena ovari zikiwa zimebaki zinaendelea na mzunguko wake. Kwahiyo andika tarehe. Na ovari iliyobaki nayo inaweza kufanya uvimbe wa maji, ila hiyo ultrasaundi ingeiona.

Kushikana kwa utumbo sasa. Huyo daktari hakutunga, baada ya kufunguliwa tumbo watu wengi sana wanapata hiyo mishikamano, ni namna mwili unavyojiponya. Wengi wanaishi nayo bila kujua mpaka wanazeeka. Inapoleta balaa ni pale inapobana utumbo usipitishe, na hiyo ni dharura, nitaisema hapo chini. Lakini kwa maumivu peke yake, kukimbilia kufungua tumbo ili kuachanisha ni jambo la kufikiria mara mbili, sababu kila ukifungua unatengeneza mishikamano mipya. Uholanzi walifanya utafiti ukatoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2003, wagonjwa 100 wenye maumivu ya muda mrefu na mishikamano, wote wakaingiziwa kamera tumboni, nusu wakaachanishwa na nusu wakaangaliwa tu wakafungwa. Baada ya mwaka mzima makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na nafuu ilikuwa sawa. Walioachanishwa hawakuwazidi wenzao. Kwahiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana, usikubali kufunguliwa tena kwa maelezo hayo tu, mpaka mtu ameweka kidole kwenye hiyo nukta na kukuambia inua kichwa, na mpaka daktari wa pili amekuona.

Kitambaa. Najua hiki ndicho kinachokunyima usingizi. Kinatokea ndiyo, siwezi kukudanganya, ila ni nadra. Thieta vitambaa, sindano na vyuma vinatakiwa vihesabiwe kabla na vihesabiwe tena mgonjwa hajatoka, na ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani inayosimamia hayo ilijaribiwa 2007 na 2008 kwenye hospitali nane duniani, moja ilikuwa hapo kwenu mkoa wa Morogoro, Ifakara. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8 kwenye hizo hospitali kwa jumla, nasema hivi ujue kuhesabu siyo mapambo. Kitambaa kikibaki mara nyingi kinaleta homa, usaha, uvimbe unaoshikika au utumbo kuziba, na vitambaa vya thieta vinatakiwa viwe na uzi unaoonekana kwenye eksirei. Muulize daktari waziwazi, "nina hofu wamesahau kitambaa, eksirei ya tumbo itanitoa wasiwasi?" Usione aibu, ni swali la haki yako, na kama bado ana mashaka siti skani ipo.

Taifodi mara nne ndani ya miezi minane hapana. Kile kipimo cha damu cha haraka, Widali, ni cha tangu 1896, kinatafuta askari wa mwili na siyo mdudu mwenyewe, na hao askari wanaweza kuwepo kwa sababu uliwahi kuugua zamani au umepata maambukizi mengine kabisa, kwahiyo huku kwetu ukipima watu wazima sokoni usishangae wengi wakasoma kuwa wanayo. Taifodi ni homa, ni siku nyingi za homa, wewe hujataja homa hata mara moja. Mtu akikuambia tena taifodi mwombe aoteshe damu, yaani maabara waangalie kama mdudu mwenyewe anaota, akikuambia yutiai mwombe aoteshe mkojo, ndipo umeze dawa.

Na diklofenaki mdogo wangu, iache leo. Miezi sita mara mbili kwa siku, na chembe cha moyo kinawaka, hiyo ni njia ya vidonda vya tumbo na figo pia haizipendi. Sasa una maumivu mawili tofauti na ukienda ukayasema kwa pamoja daktari atachanganyikiwa, atakupa dawa za asidi na kukurudisha nyumbani. Yatenganishe. Sema "hili la juu limeanza baada ya diklofenaki, hili la kwenye kovu ndilo lililonileta". Omba kipimo cha choo cha yule bakteria wa vidonda vya tumbo, wingi wa damu, na figo ziangaliwe. Ukiona choo cheusi kama lami au umetapika damu, hiyo siyo ya kusubiri kliniki. Kwa sasa kama ini lako halina shida tumia parasetamo, vidonge viwili vya miligramu 500, usizidishe vinane ndani ya saa 24, nayo iwe ya kukuvusha tu mpaka umwone daktari. Mizizi nayo iweke pembeni kwanza, simkosei heshima mama mkwe, chango wazee wetu waliliita kila maumivu ya tumbo la mwanamke na mengine walikuwa wanayatuliza kweli, ila hatujui hiyo mizizi inakutana vipi na tumbo lililochubuliwa na diklofenaki.

Dharura niliyosema ni hii. Ukitapika mfululizo hasa matapishi ya kijani, tumbo likajaa na kukaza, ukakosa choo na hata kujamba hujambi, ukapata homa na kutetemeka, maumivu yakageuka ghafla ukawa huwezi hata kujigeuza, macho yakawa ya njano, au mguu mmoja ukavimba na pumzi ikawa fupi, usiandike barua, nenda usiku huohuo.

Kabla ya kwenda kuna karatasi nataka uzitafute. Rudi hospitali ulikopasuliwa uombe muhtasari wa upasuaji, ule wa kutoka thieta, unaosema walikata wapi, walitoa nini, ovari walizibakiza au walizitoa, kulikuwa na shida gani. Na ulizia majibu ya kinyama. Kizazi kikitolewa kinatakiwa kipelekwe maabara ya patholojia kikaangaliwe, na wagonjwa wengi hawarudi kuchukua hayo majibu kwa sababu hakuna aliyewaambia yapo. Sikutishi, fibroidi kwa kawaida siyo saratani, lakini hayo majibu ni yako na daktari mpya atayataka. Alafu chukua daftari la mtoto, kwa wiki mbili andika kila siku maumivu yalianza saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, ulikula nini, sifuri mpaka kumi ni ngapi. Chora na tumbo, weka alama ya kalamu kwenye nukta. Omba rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa hospitali ya mkoa, na ukifika usianze na "tumbo linauma", ukianza hivyo utarudishiwa taifodi ya tano. Sema "nina maumivu kwenye kona ya kulia ya kovu, mahali padogo hapa, yanazidi nikikaza tumbo, naomba unipime ukuta wa tumbo".

Baba watoto mchukue muingie wote chumbani kwa daktari. Sisemi kwamba ni mtu mbaya, amekusindikiza miezi, amechoka na anaogopa, na mwanaume akiogopa mara nyingi anatoka na maneno makali. Akiona kwa macho yake daktari anabonyeza na wewe unaruka, hatahitaji maelezo. Kuhusu kitandani, kama ni uzito juu ya kovu unaouma, mwambie ukweli huo, kwamba siyo yeye. Kulala ubavu au wewe kuwa juu kunaondoa ule uzito, jaribuni siku ambayo maumivu yametulia, na kama kuna maumivu ya ndani kabisa tofauti na ya kovu hilo nalo mwambie daktari maana linaelekeza kwingine.

Ndoo mwachie mkubwa wako abebe kwa sasa. Kitandani usiinuke moja kwa moja kama unakaa, geukia ubavu wa kushoto kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Utaona asubuhi inakuwa tofauti kidogo.

Ukirudi kutoka kwa daktari niandikie, hata mistari miwili, uniambie ulipoinua kichwa ilikuwaje.